Nusu ya Parmenio Katika Kalenda

Ziwa Tota likipigwa picha zima ni shamba la vitunguu lenye maji katikati. Maneno hayo ni ya Edilma Plazas, na hakuna mtu wa Chirivá, kijiji cha ukingoni mwa ziwa hilo, mwenye haki zaidi ya kuyasema, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitazama kutoka juu mara nyingi kama yeye, ukiwaondoa bata. Kutoka juu, matuta ya vitunguu vya majani yanateremka kilima hadi ukingoni mwa maji, na mahali pengine yanaingia majini bila kupiga hodi. Yapo marundo ya magunia ya mbolea ya kuku. Yapo mapipa ya buluu yaliyokuwa na dawa, mabomba yaliyopasuka, na ng'ombe ambao kila wasikiapo droni yake yenye kamera huigeuzia makalio. Harufu haimo pichani, na Edilma husema hiyo ndiyo huruma pekee ambayo kamera imewahi kuwaonyesha watu wa hapa.

Halafu kuna ukungu. Karibu kila asubuhi ya miezi ya mwisho wa mwaka hulala juu ya ziwa na kuyafunika hayo yote, ng'ombe na makalio yao, mpaka jua litoke nyuma ya kilima na kuufukuza. Muda huo ni mfupi. Hautoshi hata kumaliza bakuli la changua, mchuzi wa maziwa na mayai ambao wakati huo kila mwenye akili yuko ndani anakunywa. Ndio muda wa kazi wa Edilma.

Droni anairushia makaburini. Makaburi yako kilimani, ukungu huishia chini yake, na kaburi la padre mmoja wa zamani limefunikwa kwa bamba la jiwe ambalo ndilo kitu pekee kilicho bapa Chirivá nzima. Edilma humsalimia padre, hufuta umande kwa pindo la ruana, lile blanketi lenye tundu la kichwa ambalo bila hilo hakuna anayetoka nje hapa, kisha huweka droni juu ya herufi za jina la marehemu. Akina mama wa kanisa waliwahi kulalamika. Aliwajibu kwamba padre yule alihubiri maisha yake yote habari za kupaa, na sasa angalau kuna kitu kinachopaa kutoka kwake.

Droni yenyewe aliinunua imevunjika, kwa mpiga video wa harusi wa mjini Duitama aliyekuwa ameigongesha kwenye keki. Mkono mmoja wa droni umefungwa kwa uzi wa nailoni, ule ule wa kufungia mafungu ya vitunguu. Baridi huua betri upesi, kwa hiyo huzibeba kifuani chini ya sweta. Ukungu hulowesha mapanga yake ya kurukia, kwa hiyo akirudi nyumbani huianika karibu na jiko, kwenye rafu ya jibini.

Harushi juu sana. Watu wanaokuja na droni zao kutoka Bogotá huzipandisha mpaka ziwa linakuwa sahani, na wanarudi nyumbani na picha ya sahani. Edilma hukaa chini, karibu na mgongo wa ukungu, kamera imeinamishwa, bila mbingu hata kidogo. Mbingu kwake ni nafasi iliyopotea. Wala ukungu mtupu hautaki.

"Ukungu peke yake ni maziwa," huwaambia wanaomuuliza. "Lazima kitu cheusi kianguke ndani. Hata nzi."

Kwa hiyo hutafuta nzi: ncha ya gati, mstari wa matete, kichwa cha mti uliokufa. Hungoja jua liguse ukungu kwa ubavu ili uwe na mikunjo kama shuka, na hapo ndipo anapobonyeza. Lakini lenzi ya droni ni pana na haina adabu. Huchota kila kitu. Kwa hiyo picha yenyewe haizaliwi makaburini, huzaliwa jikoni. Huichapa kwenye karatasi ya bei rahisi, huiweka mezani, na juu yake huweka vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa kama kona za dirisha. Huvisogeza, kimoja huku, kimoja kule, dirisha likipanuka na kupungua, mpaka anaona kwamba ukipunguza tena picha inakufa na ukiongeza inaanza kupiga domo. Hapo hupiga mstari kwa penseli. Kompyuta hufanya ukataji baadaye, lakini kompyuta, anasema, haina jiko la kukalia karibu yake wakati wa kufikiri.

Vile vipande vya kadibodi alivirithi kwa baba yake, Heliodoro, mpiga picha wa uwanjani siku za soko, na pamoja navyo alirithi kanuni moja ambayo Chirivá inaiheshimu kuliko amri kadhaa za Mungu: mtu hakatwi pichani. Kata mti, kata nyumba, kata mnara wa kanisa kama una moyo huo. Mtu aliyekatwa, inaaminika, huondoka nyumbani kabla mwaka haujaisha, kwa miguu yake au kwa kubebwa. Wapo waliokatwa wakaondoka, na majina yao hutajwa. Walioachwa wazima pichani na wakafa vilevile ni wengi zaidi, ila hao hakuna anayewahesabu.

Heliodoro hakuwa mtu wa imani, lakini alikuwa mtu wa wateja. Mwanamke mmoja alimletea picha ya harusi akitaka mume akatwe, kwa kuwa alikuwa amekwenda kwenye migodi ya zumaridi pamoja na msichana wa duka la mikate. Heliodoro hakumkata. Alimkunja kwa nyuma, akarudisha fremu. Baada ya miaka kadhaa mume alirudi, akakunjuliwa, na alama ya mkunjo ikabaki kwenye pua. Watu waliapa kwamba hata pua halisi ilikuwa imepinda.

Edilma aliikulia kanuni hiyo na akaitumikia. Miaka yote alipiga komunyo za kwanza, harusi, vitambulisho, na maiti mmoja mmoja, wote wazima, wote katikati, wote wakimtazama. Ndiyo sababu picha ya Oktoba ilimpata vibaya.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala chini sana, wenye mikunjo, na kushoto hakukuwa na kitu ila mstari mwembamba wa matete. Kutoka kulia ikaingia pua ya mashua. Kasia moja lilikuwa limeinuliwa, limebaki hewani, tone likining'inia. Edilma alibonyeza mara moja, betri ikaanza kulia, akairudisha droni kwa padre.

Jikoni alisogeza kadibodi. Kulia kabisa, nyuma ya mpiga makasia, palikuwa na gati, na juu ya gati rundo la magunia ya mbolea, pipa la buluu, na ng'ombe katika hali yake ya kawaida. Alisogeza kadibodi kushoto: ng'ombe akatoka. Akasogeza tena: pipa likatoka, magunia yakatoka. Ili gunia la mwisho litoke ilimbidi apite katikati ya mtu. Ikabaki pua ya mashua, kasia, mkono mmoja, nusu ya ruana na nusu ya kofia. Na hapo picha ikanyamaza. Ilikuwa picha ya kwanza maishani mwake ambayo hakuna mtu aliyeiagiza.

Alijua ile nusu ni ya nani. Ni Parmenio Montaña, aliyemshika kwenye maji ya ubatizo, aliyemfundisha kupiga makasia, na ambaye baada ya kifo cha Heliodoro ndiye aliyebaki kuitwa baba. Lakini kutoka juu vile, akajiambia, nusu ya mwanamume ndani ya ruana ni nusu ya mwanamume yeyote. Alisahau mfuko. Tangu aliponunua kofia ya kuolea, Parmenio huifunika kwa mfuko wa plastiki wa duka la mikate kila kunapokuwa na ukungu. Hakuna mwanamume mwingine kuzunguka ziwa lote anayefanya hivyo, kwa kuwa wengine wana aibu. Na katika picha ile mfuko ulikuwa umeshika jua. Ndio uliokuwa mweupe kuliko vyote. Ndipo jicho lilipokuwa likienda kwanza.

Aliyeinunua picha ni Fidedigno Lemus, mwenye duka la pembejeo. Kila Desemba Fidedigno humpa kila mteja kalenda, karatasi moja pana, picha kushoto na miezi yote kulia, na hakuna jiko Chirivá lisilokuwa nayo. Mwaka uliotangulia alikuwa ameweka milima yenye theluji ya nchi asiyoijua, na kulungu. Safari hii alitaka kitu cha nyumbani.

"Kulungu hakuna?" aliuliza alipoiona.

"Hakuna, Fide."

"Na nusu nyingine ya huyu iko wapi?"

Edilma akamwonyesha picha nzima. Fidedigno alimtazama Parmenio mzima kwa muda usiozidi kupiga chafya, kisha akayainamia magunia. Yalikuwa na jogoo mwekundu. Jogoo mwekundu ni alama ya mshindani wake wa Sogamoso.

"Kata," alisema. "Kata hapo hapo ulipokata."

Nakala ya kwanza ikabandikwa kwenye kioo cha duka mwishoni mwa Novemba. Kabla ya chakula cha mchana Chirivá yote ilikuwa imeshasimama mbele yake na kuuliza nusu nyingine ya mzee Parmenio imepelekwa wapi. Alasiri Parmenio mwenyewe alikuwa kwenye mlango wa jiko la Edilma, mfuko kichwani, na nyuma yake mkewe Rosalbina.

"Naomba baraka, baba," alisema Edilma, kama anavyosema kila mtu kwa aliyemsimamia ubatizo.

"Mungu akubariki. Niko wapi?"

"Kaa kwanza, baba. Uko pale. Kasia, mkono, kofia."

"Huo mkono nimeuona. Nauliza wa pili."

"Wa pili uko nje ya picha."

"Nje wapi?"

"Nje tu. Kwenye magunia."

Parmenio akakaa. Alichukua muda kuvua mfuko na kuukunja. "Kwa hiyo ilikuwa mimi au mavi ya kuku."

"Siyo hivyo. Ni mizani. Sikiliza: jicho linaingia kwa huku kushoto, kweupe, linatembea, linakuta kasia, linasimama. Nikikuweka mzima linaingia, linakukuta, linapita kwenda kwa magunia, kutoka kwa magunia linakwenda kwa makalio ya ng'ombe, na hapo haliondoki tena."

"Jicho la nani hilo lisilo na adabu?"

"La kila mtu, baba."

"Langu halifanyi hivyo."

"Lako ndilo la kwanza," alisema Rosalbina, akijimiminia maji ya moto ya sukari guru bila kukaribishwa, kwa kuwa jiko lile alilizoea kama lake. Alitumbukiza kipande cha jibini kikombeni. "Mimi sina neno na picha. Ninachosema ni kwamba wamechagua nusu mbaya. Hiyo iliyobaki ndiyo isiyofanya kazi."

Parmenio hakucheka. Tarehe yake ya hospitali ilikuwa imeshapangwa: baada ya sikukuu ya Wafalme, mwezi Januari, angepelekwa mjini Sogamoso kupasuliwa ngiri iliyokuwa ikimshuka tangu mavuno yaliyopita. Alikuwa hajawahi kulazwa. Alikuwa hajawahi hata kung'olewa jino na mtu mwingine.

"Unanikata wewe Desemba," alisema, "na daktari ananikata Januari. Mwili huu ni mmoja, Edilma. Sina wa akiba."

"Baba, wewe mwenyewe ulikuwa ukimcheka yule mwenye pua."

"Pua ilikuwa yake."

Hapo ndipo jambo lote lilipokaa, na halikuondoka. Parmenio alitaka awe mzima kwenye kuta za Chirivá kabla ya kulala kwenye meza ya daktari. Edilma alitaka picha yake ibaki kama alivyoikata. Aliyempendekezea Edilma amfute Parmenio kabisa kwa kompyuta alijibiwa kwamba Edilma hukata lakini hafuti, na Parmenio aliposikia akasema kwamba hilo ndilo la kwanza la maana alilosema mwaka huu.

Wakakubaliana kupiga upya. Asubuhi ya miadi ukungu ulikuwa mzuri, na Edilma, akiwa makaburini, vidole vimekufa ganzi, aliona kwenye kioo cha simu mashua ikitoka gatini. Parmenio alikuwa amevaa suti. Kofia haikuwa na mfuko, ili ionekane. Nyuma yake alikuwa amekaa Rosalbina na skafu ya kwendea misa, na kati yao mbwa wao Waziri, aliyepewa jina hilo kwa sababu hulala mchana na kula mara nyingi. Katikati ya ziwa Parmenio alisimama, akaweka mkono mmoja kifuani.

Edilma alimpigia simu.

"Baba, kaa chini."

"Nikikaa suti inajikunja."

"Hakuna anayeiona suti kutoka huku. Piga makasia."

"Nitapigaje makasia nikiwa nimesimama?"

"Ndiyo maana nasema kaa."

"Mwambie aharakishe," ilisikika sauti ya Rosalbina, "huyu mbwa anataka kutapika."

"Baba, basi angalau usiitazame kamera."

"Sasa nikupe mgongo, kama ng'ombe?"

Jua likatoka, ukungu ukapanda na kuondoka, na kilichobaki ni picha ya kitambulisho juu ya maji. Wote watatu wazima, wote katikati, wote wanatazama juu, isipokuwa Waziri aliyekuwa ameinamia kando ya mashua. Walijaribu tena asubuhi nyingine, ukungu haukuja. Wakajaribu tena, ukaja mzito kama ukuta na droni ikarudi kwa bahati ya padre. Parmenio akapata mafua kwa sababu ya suti.

Fidedigno alikuwa hana subira. Mwenye mtambo wa kuchapa alikuwa akimpigia simu.

"Edilma, nipe moja. Mimi nauza pembejeo, siuzi Parmenio."

Aliziweka picha mbili mezani, ile ya Oktoba na ile ya suti. Mtu yeyote wa Chirivá angempa Fidedigno ya suti, amalize maneno na kila mtu afurahi, na kusema kweli ya suti ingependwa zaidi. Ilikuwa na mbwa. Edilma hakuchukua muda mrefu. Alimpa ya Oktoba, pamoja na mstari wake wa penseli, na mstari huo ulipita pale pale.

Kalenda zilitoka kabla ya Novena za Krismasi. Chini ya picha, kwa herufi ndogo, iliandikwa "Picha: E. Plazas", jambo ambalo halikuwahi kuandikwa chini ya komunyo yoyote. Parmenio alipokea yake dukani kama wateja wengine, akaikunja kwa uangalifu, akaomba kalamu ya wino. Fidedigno akadhani anataka kusaini kitu.

Nyumbani aliitandika mezani na akajichora. Alianzia pale mstari wa Edilma ulipomwachia, akavuka ukingo mweupe, akaingia kwenye miezi. Nusu ya pili ya kofia ilikaa kwenye Januari, bega kwenye Februari, na mkono wa pili ukashuka hadi Aprili, ambako ulishika kasia la pili. Alikuwa hajachora kitu tangu darasa la pili, na ilionekana. Akajitazama, akaridhika, akatia kalamu mfukoni na kwenda kwa jirani.

"Nimekuja kumalizia," alisema.

Katika nyumba za Chirivá mtu anayekuja na shida yake hukaribishwa kwanza na kuulizwa baadaye. Alipewa kiti, akapewa changua, akashushiwa kalenda ukutani. Nyumba iliyofuata ilimpa viazi na samaki wa ziwani, trauti. Ya baada ya hapo ilimpa pombe kali ya miwa, na hapo ndipo mchoro ulipoanza kubadilika. Kadiri alivyoendelea na mzunguko wake ndivyo nusu ya pili ilivyozidi kupata mabega. Katika majiko ya juu ya kilima ana masharubu asiyokuwa nayo. Katika jiko la mshona viatu mashua ina injini. Kwa mjane wa chini ya barabara kuna nusu ya uso inayotabasamu kwa namna ambayo Rosalbina alikwenda kuikagua mwenyewe, akarudi bila kusema alichoamua.

Hakuna aliyemkatalia. Wangemkataliaje? Kila mtu alijua tarehe ya hospitali. Wengine walimwekea kalamu tayari.

Edilma alizisikia habari hizo sokoni, na hakuficha hasira.

"Picha yangu ina mabega matatu," alimwambia Fidedigno.

"Mteja anafanya anavyotaka na ukuta wake."

"Ameziba Machi yako yote."

"Machi hakuna anayelipa deni," alisema Fidedigno.

Ikabaki kalenda moja safi Chirivá nzima, nayo ilikuwa juu ya jiko la Edilma. Baada ya Krismasi, watu walianza kumwambia Parmenio kwamba bado nyumba moja. Alisema anajua. Hakwenda. Alikuja siku iliyofuata sikukuu ya Wafalme, asubuhi, ukungu ukiwa bado mlangoni, na kifurushi cha nguo za hospitali kwapani, kwa kuwa basi la kwenda mjini lingempitia hapo barabarani.

"Naomba baraka, baba."

"Mungu akubariki."

Alikaa. Edilma alimpa maji ya sukari guru na jibini. Kalenda ilikuwa pale juu, nyeupe kuanzia kushoto, mstari wa matete, kasia, tone, mfuko ukiwaka. Parmenio aliitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kuzitazama nyingine, ambazo alizitazama kama mtu anayetafuta pa kuweka saini.

"Lile tone," alisema. "Hilo ni la kwangu?"

"Ni la kasia lako."

"Sikujua kama linakaa hivyo."

"Halikai. Nilibahatika."

Akanywa. Hakuomba kitu. Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, kifuniko chake kimetafunwa, na hakuigusa. Aliikoroga jibini ndani ya kikombe, ingawa ilikuwa imeshayeyuka.

"Wanasema wanakulaza usingizi," alisema. "Wanakuambia uhesabu kurudi nyuma. Mimi hata kwenda mbele huwa nakosea."

Edilma alipanda juu ya stuli, akazitoa pini, akaishusha kalenda. Aliitandika mezani mbele yake na kusogeza kikombe.

"Haya. Lakini kofia ina mfuko. Mzima huwezi kuwa na mfuko nusu."

Parmenio akatoa kalamu. Alichora taratibu, ulimi nje, na Edilma akasimama nyuma yake, mikono ameifunga chini ya ruana ili isifanye kitu. Mfuko ulikwenda vizuri. Bega lilikwenda vibaya. Mkono ulipofika Machi bado ulikuwa ukiendelea.

"Baba, mkono huo unakwenda Sogamoso."

"Acha uende. Ukishafika huko uniwekee kitanda."

"Kiwiko kiko wapi?"

"Nitakiweka nikiona pa kukiweka."

Alikiweka mwezi wa Mei. Barabarani basi likapiga honi. Parmenio akapuliza wino ukauke, akavaa mfuko juu ya kofia, akachukua kifurushi, na alipofika mlangoni akageuka kuitazama meza tena.

"Sasa iko sawa," alisema.

"Haiko sawa hata kidogo," alisema Edilma. "Nenda, basi litakuacha."

Ngiri ilishonwa. Kwa maelezo ya Parmenio mwenyewe daktari alishangaa, ingawa hasemi alishangaa nini. Rosalbina anasema alichoshangaa daktari ni mgonjwa aliyedai, akiwa bado na dawa kichwani, kwamba arudishiwe kalamu yake. Kufikia Pasaka alikuwa majini tena, mfuko kichwani, na Waziri akilala kwenye pua ya mashua.

Mwisho wa mwaka Chirivá ina desturi yake. Kalenda hushushwa, miezi hukatwa kwa mkasi na kuwashiwa jiko, na picha, kama inafaa, hubandikwa ukutani kwenye chumba cha wageni au ndani ya mlango wa kabati. Milima ya theluji na kulungu wake wanaishi katika makabati mengi kwa njia hiyo. Edilma naye alishusha yake siku ya mwisho ya Desemba, akaitandika mezani, akachukua mkasi wa Heliodoro. Picha hii alitaka kuiweka kwenye fremu. Aliuweka mkasi kwenye mpaka wa picha na miezi, na akauona mpaka huo unapita wapi.

Aliketi. Akaziweka kadibodi zake mbili, akazisogeza huku na kule, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Hakukuwa na mahali. Ukikata miezi unamkata Parmenio.

Asubuhi iliyofuata alipita nyumba kadhaa kuwatakia watu mwaka mpya, na katika kila jiko karatasi ilikuwa bado ukutani, nzima, picha na miezi na mabega. Mshona viatu aliinua mikono. Mjane wa chini ya barabara alisema amejaribu kukunja kwa nyuma, kama enzi za marehemu Heliodoro, lakini tabasamu lilikuwa likitokeza. Fidedigno alileta kalenda mpya, yenye bata wa nchi nyingine, na watu wakaipokea kwa heshima wakaitia kwenye droo, kwa sababu msumari ulikuwa na mwenyewe.

Bado iko hapo. Miaka imeshapita, na mtu akitaka kujua tarehe Chirivá lazima atoe simu, maana kuta zote zinasema mwaka ule. Edilma huiona picha yake katika kila jiko anamoingia, na kila mara huanza kwa kuitazama kutoka kushoto, kweupe, polepole, mpaka kwenye kasia.

"Halafu jicho linakwenda wapi?" Parmenio humuuliza, akija jikoni kwake.

"Linakwenda Mei, baba," husema Edilma. "Kwenye hicho kiwiko."